Nani kawaambia watu wa Choma hawajui kupanga nyimbo?

Kuna ushauri mmoja unazunguka huku mjini ambao umenichosha. Mtu kafungua programu ya muziki kwenye simu yake, anakuta pleilisti tatu zenye jina moja: Zilipendwa, Zilipendwa 1, Zilipendwa (2). Anauliza afanyeje. Mjuaji wa kwanza anamjibu papo hapo: weka programu ya kufuta nakala, bonyeza kitufe kimoja, kazi kwisha. Mjuaji wa pili anadakia: yaani wewe mpaka leo unasikiliza nyimbo za kwenye memori kadi? Sikiliza mtandaoni kama binadamu wengine! Kicheko. Mjadala umefungwa.

Mimi nasema haujafungwa. Nasema ushauri huo ni mbovu, una dharau ndani yake, na kwa mtu wa Choma unaweza kumpotezea kitu ambacho hatakipata tena mpaka anaingia kaburini.

Kabla hamjaanza kunitania, Choma ninayoisema si ya nyama. Ni Choma ya wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, ile ambayo wengi wanaiita Choma cha Nkola. Nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, Wanyamwezi na Wasukuma wamechanganyika humo na watu wengine kibao. (Na ndiyo, enzi za CD tulikuwa tunasema "kuchoma" nyimbo. Utani huo nimeshausikia, asanteni.)

Sasa twende taratibu. Muziki unafikaje kwa mtu wa kule? Unafika kibandani. Kijana ana kompyuta, ana kisoma kadi, ana spika inayopiga kelele tangu asubuhi. Unampa memori kadi, unamwambia "niwekee za Bongo Fleva mpya na zilipendwa kidogo," unakwenda zako sokoni, ukirudi kadi imejaa. Baada ya hapo kadi hiyo inaanza maisha yake. Asubuhi imo kwenye kitochi cha baba. Jioni inachomolewa inawekwa kwenye sabufa inayokula umeme wa sola. Jumamosi bodaboda wa shangazi kaiazima kwa ajili ya redio ya pikipiki. Jumapili binti aliyerudi kutoka Tabora mjini anaitumbukiza kwenye simu janja yake. Kadi moja, wenyewe wanne, mashine nne, na kila mashine ina akili zake.

Hapa ndipo wajuaji wetu wanapoachwa na basi. Sabufa haijui pleilisti ni nini! Haina kioo cha kukuonyesha orodha. Inachojua ni folda na faili tu, na nyingi zinapiga nyimbo kwa mpangilio ule ule ambao faili ziliandikwa kwenye kadi, iliyoingia kwanza inapigwa kwanza. Kwa hiyo ukitaka nyimbo za harusi zipigwe pamoja, unatengeneza folda ya Harusi na kunakili nyimbo humo. Na kama wimbo huo huo unautaka pia kwenye folda ya Zilipendwa, unaunakili mara ya pili. Hakuna njia nyingine. Nakala ya pili ndiyo pleilisti ya mtu asiye na kioo. Amepanga, tena kwa akili, kwa kutumia kifaa alichonacho.

Kisha kadi ile ile inaingia kwenye simu janja. Simu inapekua kadi nzima, inakusanya kila faili la sauti, inakuonyesha wimbo mmoja mara tatu. Pengine programu ya muziki inageuza kila folda kuwa pleilisti. Pengine ilishawahi kutengeneza orodha zake yenyewe, sasa inakuta na faili za orodha zilizokuja na kadi, inaziongeza juu ya zilizopo. Mwenye simu anaona uchafu. Mjuaji anaona ushamba. Programu ya kufuta nakala inapita kama fyekeo, inaacha moja kati ya tatu, na haikuulizi unaitaka ipi. Jumamosi sabufa inawekwa kwenye harusi, folda ya Harusi imebaki na nyimbo mbili na tangazo.

Niliwahi kukaa kwenye kibanda kimoja kule Igunga nikimwangalia kijana akifanya kazi. Nikanyoosha kidole kwenye kioo: mbona hii iko mara mbili? Akacheka. "Kaka, hiyo usiiguse, hiyo ni ya kwenye sabufa." Kijana huyo hajasomea kompyuta, lakini anajua jambo ambalo waliotengeneza programu ile ya kufuta nakala hawakulifikiria.

Haya, tuingie kidogo kwenye mashine, maana wapo wanaodhani natetea uvivu kwa maneno matamu. Pleilisti si nyimbo. Ni karatasi tu inayosema wimbo fulani uko mahali fulani. Aina inayotumika zaidi, ile ya M3U iliyozoeleka na Winamp tangu miaka ya 1990, ni maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila wimbo. Orodha ya nyimbo 100 ina uzito wa kilobaiti chache, nane hivi. Wimbo mmoja wa dakika nne uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde una karibu megabaiti 3.8, na ukibanwa kwa 320 unafika 9.6. Kwa hiyo ukifuta pleilisti ishirini zilizojirudia hujaokoa hata robo dakika ya wimbo. Umejisumbua bure! Na ole wako kama ile programu inakuuliza kwa Kiingereza kama ifute na nyimbo zenyewe, wewe ukabonyeza ndiyo kwa mazoea.

Sasa kwa nini zinajirudia? Kwa sababu karatasi ile mara nyingi inaandika anwani kamili ya wimbo, pamoja na jina la kadi jinsi simu inavyoijua. Kwenye Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015, kadi inatambuliwa kwa namba yake. Iformati upya kadi hiyo, au nakili vitu vyote kwenda kadi mpya, namba inabadilika. Orodha ya zamani inabaki inaelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Unaiona jina lake, ukiifungua ni tupu. Unatengeneza nyingine kwa jina lile lile. Ya zamani haijafa, mpya imezaliwa, na hivyo ndivyo tunavyofika kwenye Zilipendwa (2). Hilo si kosa la mtumiaji hata kidogo. M3U inaruhusu kuandika anwani fupi, yaani "wimbo huu uko hapa hapa kwenye folda yangu," na orodha ya namna hiyo ukiihamisha pamoja na folda yake inafika salama popote, iwe Igunga, iwe Kahama. Waliotengeneza programu zinazoandika anwani ndefu walimfikiria mtu mmoja, mwenye simu moja, asiyeazima kadi yake kwa yeyote. Mtu wa namna hiyo yupo, lakini si yule wa kule kijijini.

Mwaka 2021, Android ilipofika toleo la 12, Google waliipa kisogo hata ile sehemu ya mfumo iliyokuwa inahifadhi pleilisti kwa ajili ya programu zote, wakaziambia programu zijitegemee. Maana yake kila programu sasa ina daftari lake. Ukiwa na programu tatu una madaftari matatu, na kila moja linadhani liko peke yake duniani.

Lakini hayo yote ni madogo. Hasira yangu hasa iko kwingine.

Programu inajuaje kwamba wimbo huu na huu ni mmoja? Njia rahisi ni kulinganisha majina. Njia ya pili ni kulinganisha faili lenyewe baiti kwa baiti, lakini hapo wimbo mmoja uliobanwa kwa 128 na kwa 320 utaonekana vitu viwili tofauti kabisa. Njia ya tatu ni kusikiliza sauti yenyewe na kutengeneza alama yake, kama wanavyofanya Shazam. Hiyo ya tatu, ikitakiwa kukutajia na jina la wimbo, inahitaji maktaba kubwa ya kulinganishia, na hebu niambieni, ni nani aliyeziingiza nyimbo za manju wa Igunga kwenye maktaba hiyo?

Kwa hiyo programu nyingi za bure zinaangukia kwenye majina. Na majina ya muziki wetu ndiyo janga lenyewe. Shusha wimbo kwenye tovuti yoyote ya bure ya hapa kwetu uangalie ndani. Tangu mwaka 1996, faili la MP3 lilipewa sehemu ndogo ya kuandika maelezo, ID3, mwanzoni baiti 128 tu mwishoni mwa faili: jina la wimbo herufi 30, msanii herufi 30, albamu herufi 30, mwaka. Ni kidogo lakini panatosha kabisa kuandika "Tabora Jazz". Mwenye tovuti anafanya nini? Anafuta jina la msanii anaandika anwani ya tovuti yake. Kwenye albamu, tovuti yake. Kwenye picha, nembo ya tovuti yake. Ukiziweka kwenye simu, una msanii mmoja mwenye nyimbo 600, na msanii huyo ni duka! Wapo na wengine wasiojali hata hilo, utakuta "Track 01" na "Unknown", na unknown huyo kwa hesabu za simu zetu ndiye mwanamuziki maarufu kuliko wote Afrika Mashariki.

Tabora si mahali pa kuchezewa hivyo. Huu ni mji uliotoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatoa Nyanyembe Jazz, ukatoa Tabora Jazz, wana Segere Matata. Shem Karenga aliyetuachia "Dada Asha" alifariki mwaka 2014, na mpaka leo ukipita kwenye vibanda utakutana na wimbo huo ukiwa na majina ya ajabu ajabu, umebandikwa bendi ambayo haikuhusika, au umewekwa kwenye "Zilipendwa mix" ya saa moja na nusu bila jina hata moja. Mtoto wa Igunga anaucheza, hajui kwamba umetoka mkoani kwake. Anadhani ni wa Kongo!

Tena hapa pana mtego ambao wafuta nakala hawaujui. Bendi zile zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, sahani zilitengenezwa Nairobi. Kwa hiyo haishangazi bendi moja kuwa na wimbo mmoja uliorekodiwa zaidi ya mara moja, gitaa tofauti, pengine na mwimbaji tofauti. Jina moja, bendi moja, dakika karibu zile zile. Kwa programu, hiyo ni nakala. Kwa mtu mwenye masikio, hizo ni kazi mbili. Kanda za RTD zilirithiwa na TBC, sawa, ziko kwenye maktaba Dar es Salaam. Kutoka pale mpaka Choma ni mbali, na mwananchi hana ufunguo wa maktaba hiyo. Alichonacho ni memori kadi ya mjomba.

Na bado hatujafika kwenye lililo zito zaidi. Nyimbo za bendi angalau ziko kwa watu wengi. Je, zile za ngoma? Usukumani na Unyamwezini manju anatunga nyimbo za msimu, anaziimba kwenye mashindano, anawasema watu, anasema na serikali, anataja nani kafa na nani kakimbia mkopo wa pamba. Zamani Mwinamila wa Tabora na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walisikika nchi nzima kwa sababu redio ya taifa iliwabeba. Manju wa leo asiyebebwa na redio anabebwa na simu ya mtu aliyesimama mbele. Na simu ile inaita rekodi hiyo nini? REC001. Simu ya jirani nayo inaita ya kwake REC001. Zote mbili zinapelekwa kibandani zikusanywe kwenye kadi moja. Kompyuta inauliza: faili lenye jina hili lipo, nibadilishe? Kijana ana foleni ya watu saba. Anabonyeza ndiyo.

Umeona kilichotokea? Wimbo mmoja wenye majina matatu umeachwa mara tatu. Nyimbo mbili tofauti zenye jina moja, moja imezikwa juu ya nyingine. Mashine imekosea pande zote mbili, na lililopotea halipo popote pengine duniani. Halipo mtandaoni, halipo TBC, halipo London. Mzee aliyeimba anaweza kuwa amekwisha kufariki. Halafu mtu anakuja na kitufe kimoja, eti safisha.

Najua mtakachosema. Sikilizeni mtandaoni, yote haya yanakwisha. Spotify waliingia Tanzania mwaka 2021, Boomplay tunao tangu zamani, tena inakuja ndani ya simu za Tecno ukiitoa kwenye boksi. Sina ugomvi nao, nami ninao kwenye simu yangu. Lakini kwanza kuna bando. Mtu wa Dar anayetumia mtandao wa ofisi asinifundishe bei ya kusikiliza wimbo ule ule mara hamsini kwa mwezi. Faili lililoko kwenye kadi unalilipia mara moja, unalisikiliza mpaka kadi ife. Pili, manju wangu hayupo mle. Na tatu, pleilisti za mtandaoni nazo zinajirudia! Google Play Music ilipofungwa mwishoni mwa 2020 watu wakahamishiwa YouTube Music, wengi walikuta orodha zao zimekuja na nakala, na nyimbo zilizokosekana juu yake. Kwa hiyo tatizo halijui mjini wala shamba. Tofauti ni kwamba wa mjini alipoulizia aliitwa mteja, na wa Choma akiuliza anaitwa mshamba.

Nikubali jambo moja ambalo wapinzani wangu wako sahihi. Kadi nyingi kweli zimejaa takataka. Kadi ya gigabaiti 8 inaweza kubeba nyimbo karibu 2,000 za kawaida, na nimeona nyingi ambazo nusu yake ni marudio yasiyo na faida kwa yeyote, yaliyotokana na kunakili folda zima ndani ya folda jingine. Safisheni, sikatazi. Ninachokataa ni kusafisha bila kusikiliza, na kumlaumu mwenye kadi.

Pesa nayo imo humu. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii kutokana na nyimbo zao kupigwa redioni na kwenye televisheni. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ikaleta tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia. Vizuri sana. Lakini tozo ya kifaa ikishakusanywa inagawiwa kwa nani? Kwa wanaojulikana. Kwenye kibanda cha Choma anayejulikana ni tovuti iliyogonga muhuri wake juu ya jina la Shem Karenga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake, si haki ya fedha tu. Sijawahi kusikia mwenye tovuti ameulizwa kuhusu hilo, na ningependa sana kusikia. COSOTA, mpo?

Sasa mtu wa kawaida afanye nini leo jioni na pleilisti zake tatu? Aziache kwanza. Afungue kila moja, iliyo tupu aifute bila wasiwasi, maana haina kitu. Zilizobaki aangalie nyimbo zinakaa folda gani kabla ya kugusa faili lolote, na aulize nyumbani kadi hii inatumika wapi pengine. Kama simu janja inamwonyesha wimbo mara tatu na hataki kuuona, kuna faili tupu linaitwa ".nomedia", ukiliweka ndani ya folda ya Harusi simu haitaipekua folda hiyo, na sabufa itaendelea kuipiga kama kawaida. Hakuna kilichofutwa. Rekodi za ngoma azibadilishe jina siku hiyo hiyo: manju nani, kijiji gani, mwaka gani. Na anakili mahali pa pili. Hiyo ndiyo nakala ambayo mimi ningeomba iwepo mara tatu, mara nne, mara kumi!

Waungwana wa programu nao wasikae tu. Waandike anwani fupi kwenye orodha. Wasifute kitu mpaka wamcheze mwenye simu sekunde kumi za kila nakala zikifuatana, asikie mwenyewe. Si kazi ngumu, wanaweza kuimaliza wiki moja wakitaka.

Wale wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe na pwani walikuwa na nyimbo zao kichwani, kila msafara na toleo lake, na hakuna aliyewaambia wabakishe moja. Nimelitaja tu.

Yule kijana wa kibandani sasa ana daftari la shule, la kurasa 96. Kila kadi ya ngoma inayoletwa anaandika tarehe, jina la manju na mahali, halafu ndipo ananakili. Kuhusu kitufe cha "badilisha", siku hizi anabonyeza hapana hata kama foleni imefika nje. Wateja wanalalamika kwamba amekuwa mpole wa kazi.